HABARI ZA AFYA NYUMBANI: Damu Kidogo Katika Kichupa



Mwezi huu twataka kunena habari za damu: ile kidogo ambayo waganga wa hospitali huichukua kwa sindano, wakaitia katika kichupa na kuipeleka maabara. Jambo hili huleta mashaka katika nyumba nyingi. Mama hukubali upesi mtoto wake apewe dawa, lakini aombwapo damu ya mtoto husita. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari huuliza, "Juzi walichukua, na leo tena? Waipeleka wapi?" Tena watu wa zamani, pwani na bara, walisimuliana habari za mumiani, yaani watu waliodhaniwa kuwakamata wenzao na kuwatoa damu ili kufanya dawa. Hadithi hizo zilienea sana katika siku za utawala wa wageni, na mpaka leo hazijakwisha kabisa vinywani mwa watu.

Hatupendi kuwacheka wenye hofu hiyo. Mtu akichukuliwa kitu chake bila kuelezwa, hujitafutia maelezo mwenyewe, na maelezo atakayoyapata huenda yakawa mabaya kuliko kweli. Basi, na tueleze. Nasi tutaeleza kwa kisa kimoja kilichotokea Marekani, katika jiji la New York, kwa maana katika kisa hicho twaona wazi jinsi damu kidogo ya wagonjwa ilivyowafundisha waganga jambo ambalo vitabu vyao vilikana kwamba laweza kuwa.

Kwanza yatupasa kujua yaliyomo katika damu. Mtu mzima anayo kama lita 5. Damu hiyo huchukua hewa na chakula, kama wote wajuavyo. Lakini huchukua pia vitu viwili vingine visivyoonekana kwa macho. Cha kwanza ni homoni. Hizi ni kama wajumbe: hutengenezwa katika kiungo kimoja, zikasafiri ndani ya damu, zikafikisha amri kwa viungo vya mbali. Neno hilo la homoni lilianza kutumiwa na Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905. Mmoja wa wajumbe hao huitwa insulini. Hutoka katika kongosho, nayo huziamuru chembe za mwili zipokee sukari iliyomo katika damu. Insulini ikikosekana, sukari hubaki katika damu na kutoka kwa mkojo, na mtu hukonda huku anakula.

Kitu cha pili ni kingamwili. Hizi ni kama walinzi wa mlango. Mgeni mbaya akiingia mwilini, mwili hutengeneza walinzi wanaomjua mgeni yule mmoja tu, wakamshika asiende. Mwaka 1890 huko Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na pepopunda yaweza kumkinga mnyama mwingine. Tangu siku hizo wataalamu wa kingamwili walikwenda njia yao, na wataalamu wa homoni njia yao, wala hawakuwa na sababu kubwa ya kuonana. Kisa chetu ni habari za mahali walipokutana.

Insulini yenyewe ilipatikana Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao. Tarehe 11 Januari 1922 mgonjwa wa kwanza alichomwa dawa hiyo, kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson. Kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Wazazi walihesabu miezi tu. Baada ya hapo watu walipona kifo, wakarudi shuleni na kazini. Dawa ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe wa machinjioni.

Lakini, ajabu, zaidi ya miaka 30 ilipita na waganga hawakuweza kuipima vema insulini iliyomo katika damu ya mtu. Waliweza kupima sukari, na kwa sukari wakakisia insulini, kama mtu anayekisia idadi ya wafagizi kwa kuutazama uwanja. Sababu yake ni uchache. Mtu mzima wa afya akiamka asubuhi kabla ya kula, mililita moja ya maji ya damu yake huwa na insulini isiyofika sehemu moja ya bilioni moja ya gramu. Hakuna mizani ya kupimia kitu kama hicho.

Sasa twafika New York. Mwaka 1947 mwanamke mmoja mtaalamu wa fizikia, Bibi Rosalyn Yalow, alianza kazi katika hospitali ya askari wastaafu iliyoko Bronx. Alizaliwa mwaka 1921 katika jiji lilo hilo, na wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Mwaka 1941 alipokubaliwa katika Chuo Kikuu cha Illinois kusomea fizikia, alijikuta mwanamke peke yake katika kundi la watu kama 400. Pale hospitalini maabara yake ya kwanza ilikuwa chumba kidogo kilichokuwa cha mtunza usafi. Mwaka 1950 akapata mwenzi wa kazi, Daktari Solomon Berson. Bibi Yalow alijua mionzi na hesabu. Daktari Berson alijua mwili wa mtu na maradhi yake. Kila mmoja akamfundisha mwenzake, wakafanya kazi pamoja miaka 22.

Katika siku hizo mtaalamu mmoja, Arthur Mirsky, alikuwa ametoa wazo mwaka 1952: kwamba huenda watu wanaoshikwa na ugonjwa wa sukari utu uzimani hawakukosa insulini, bali insulini yao huharibiwa upesi mno mwilini. Yalow na Berson wakataka kulijaribu wazo hilo. Wakachukua insulini, wakaifunga na iodini yenye mionzi. Iodini ni kile kitu kitiwacho katika chumvi yetu na kuitwa madini joto. Lakini iodini hii, ya namba 131, hutoa mionzi, na nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Insulini iliyotiwa alama hivyo ni kama kuku aliyefungwa uzi mwekundu mguuni: hata akichanganyika na kuku wa jirani, mwenyewe humtambua. Wakawachoma watu kidogo ya insulini hiyo, kisha wakachukua damu yao mara kwa mara, wakahesabu kwa chombo mionzi iliyosalia.

Ikiwa wazo la Mirsky ni kweli, insulini itatoweka upesi katika damu ya wagonjwa. Wakaona kinyume chake. Katika damu ya wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa ya insulini, ilikaa muda mrefu kuliko katika damu ya watu wazima wa afya.

Hapa twawaomba wasomaji, hasa waalimu, watazame jinsi walivyofikiri, maana ni mfano mwema. Wangeweza kusema, "Basi ugonjwa wa sukari ndio unaoichelewesha insulini." Lakini walikuwa na watu wengine wa kuwalinganisha. Katika siku zile wagonjwa wa akili walichomwa insulini nyingi kama tiba, tiba ambayo imekwisha kuachwa siku nyingi. Watu hao hawakuwa na ugonjwa wa sukari, lakini insulini ilikaa katika damu yao vilevile. Basi jambo lililowaunganisha wote lilikuwa moja tu: kuwa wamewahi kuchomwa insulini ya mnyama.

Wakaitia damu hiyo katika kipande cha karatasi na kupitisha umeme, kwa maana kila protini ya damu husafiri karatasini kwa mwendo wake. Katika damu ya watu wasiochomwa kamwe, insulini yenye alama ilikaa pale pale ilipowekwa. Katika damu ya waliochomwa, ilisafiri pamoja na kundi la protini ambamo kingamwili humo. Mwili ulikuwa umeiona insulini ya ng'ombe na nguruwe kuwa mgeni, ukaitengenezea walinzi, na walinzi wameishika. Wala tusistaajabu: insulini ni mnyororo wa viungo 51, na ile ya nguruwe hutofautiana na ya mtu katika kiungo 1, na ya ng'ombe katika viungo 3. Tofauti hiyo ndogo yatosha.

Lakini wataalamu wakubwa wa kingamwili walikuwa wamekwisha kuamua kwamba protini ndogo kama insulini haiwezi kuuamsha mwili utengeneze walinzi. Wawili hawa walipopeleka habari yao kwa gazeti kubwa la sayansi, ilikataliwa. Wakapeleka kwa gazeti la pili, nalo likakataa kwanza. Mwishowe, mwaka 1956, ilichapwa kwa sharti: neno kingamwili liondolewe katika kichwa cha habari, na badala yake watumie maneno ya kuzunguka, kwamba ni protini inayoshika insulini. Wakakubali kuacha jina, ila ushahidi hawakuuacha. Bibi Yalow aliitunza barua ile ya kukataliwa, na miaka 21 baadaye, mwaka 1977, alipotoa hotuba yake mbele ya wataalamu wa dunia huko Stockholm, aliionyesha.

Tena hawakuishia hapo. Walisema nafsini mwao: ikiwa mlinzi huyu aishika insulini na kuiacha protini nyingine yo yote, je, hawezi kutufanyia kazi ya mizani? Na tufananishe hivi. Kuna karamu yenye viti 100. Wamealikwa wageni 100 wenye kilemba chekundu. Wakija peke yao, wote 100 huketi. Sasa waje pamoja nao wageni 100 wasio na kilemba, wote wakigombea viti vile vile bila upendeleo: walioketi wenye kilemba watakuwa kama 50. Wakija wasio na kilemba 300, wenye kilemba walioketi watakuwa kama 25 tu. Basi mtu akisimama mlangoni na kuhesabu vilemba vyekundu peke yake, aweza kujua idadi ya wageni wengine ambao hakuwahesabu kabisa.

Viti ni kingamwili, zilizopatikana katika damu ya wanyama wadogo waitwao simbilisi waliochomwa insulini. Wenye kilemba ni insulini iliyotiwa mionzi. Wasio na kilemba ni insulini ya mgonjwa iliyomo katika damu ya kichupa. Hayo yote hufanyika ndani ya kichupa juu ya meza, wala mgonjwa hatiwi mionzi yo yote. Kanuni hiyo waliitangaza mwaka 1959, na mwaka 1960 wakaeleza kwa urefu jinsi ya kupima insulini ya mtu kwa njia hiyo. Kitu kisichofika sehemu ya bilioni ya gramu kikapata mizani.

Nao walipopima, waliona nini? Wagonjwa wengi wa sukari walioshikwa na ugonjwa utu uzimani hawakukosa insulini. Wengine walikuwa nayo nyingi kuliko watu wenye afya, na hata hivyo sukari yao ilikuwa juu. Mjumbe alifika, akapiga hodi, lakini mlango haukufunguliwa vema. Hivyo ikadhihirika kwamba chini ya jina moja kuna maradhi mawili: moja ambamo kongosho halitoi insulini, nalo huwashika hasa watoto na vijana, na jingine ambamo mwili hauitii insulini iliyopo. Ndiyo sababu hata leo katika nyumba moja waweza kumwona kijana ambaye hawezi kuishi pasipo sindano kila siku, na baba yake mkubwa anayetumia vidonge, na kupunguza uzito, na kutembea kwa miguu. Asimlaumu mmoja mwenziwe, wala asimpe dawa yake.

Yalow na Berson hawakutaka hati ya kuimiliki njia hiyo ili wapate fedha kwayo. Walifundisha kila aliyekuja kujifunza. Kwa hiyo ikaenea upesi, wala haikubaki kwa insulini tu. Katika miaka ya 1970 ilitumika kupima damu ya wachangiaji, isiwe na ugonjwa wa ini wa aina ya B ambao humwingia mgonjwa aliyeongezewa damu. Katika miaka hiyo hiyo huko Quebec, Kanada, walianza kupima tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga, lililokaushwa juu ya karatasi, ili kujua kama tezi iliyo shingoni mwake yatoa homoni ya kutosha. Mtoto aliyekosa homoni hiyo huonekana mzima azaliwapo, lakini akili yake hudumaa asipopewa dawa mapema. Akigunduliwa katika wiki za kwanza na kupewa kidonge kila siku, hukua na kusoma kama wenzake. Tone moja la damu, wasomaji wetu!

Siku hizi maabara nyingi zimeacha mionzi. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann, huko Stockholm, walionyesha kwamba badala ya mionzi yaweza kutumiwa kimeng'enya kinachogeuza rangi, na wataalamu wa Uholanzi wakafanya vivyo mwaka huo huo. Hata kile kipimo kidogo cha malaria ambacho twakiona katika zahanati zetu za vijijini, ambacho huwekewa tone la damu likapanda polepole na kuchora mstari, kinategemea kingamwili zilizopakwa pale zikamngoja mgeni wao. Kinatofautiana na kile cha Bronx kwa namna ya kufanya kazi, lakini mlinzi anayetumiwa ni yule yule.

Daktari Berson hakuiona heshima iliyokuja. Alifariki ghafula mwaka 1972. Mwaka 1977 Bibi Yalow alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa mwanamke wa pili kuipata, baada ya Gerty Cori mwaka 1947. Naye Berson hakuweza kutajwa, kwa kuwa tuzo hiyo haipewi aliyekufa. Lakini Bibi Yalow alikuwa ameomba maabara yao iitwe kwa jina la Berson, hata kila habari aliyoandika baadaye ikatoka na jina la rafiki yake juu yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2011, umri wake miaka 89.

Sasa tuseme yaliyo ya nyumbani kwetu, maana habari isiyotufaa nyumbani ni kelele tu.

Kwanza, msiogope kiasi. Kichupa cha maabara kwa kawaida huchukua mililita chache, kama kijiko kimoja cha chai, nacho ni mililita 5. Hiyo ni sehemu moja katika elfu ya damu ya mtu mzima, na mwili huirudisha. Kurudia kupima hakumaanishi kwamba damu ya kwanza ilipotea. Homoni na sukari hubadilika kwa saa; kipimo cha jana hakiwezi kuisemea leo.

Pili, mwambiwapo mje asubuhi bila kula, msile. Wako wanaokunywa chai ya maziwa yenye sukari njiani, kisha wakasema hawakuonja kitu. Damu haisitiri jambo hilo: sukari hupanda, insulini hupanda, na mganga humtibu mtu kwa ugonjwa asio nao. Ukiwa umesahau ukala, sema wazi, upangiwe siku nyingine.

Tatu, ulizeni. Ni haki yenu. Semeni, "Bwana daktari, damu hii yapimwa nini, na majibu nitayapata lini?" Na kama damu yatakiwa kwa utafiti, yaani kwa kujifunza na si kwa tiba yako mwenyewe, lazima uelezwe hivyo kabla, na ukubali kwa hiari yako, waweza kukataa, wala usinyimwe tiba kwa sababu hiyo. Chama cha waganga wa dunia kiliweka kanuni za utafiti kwa watu huko Helsinki mwaka 1964, nazo zimerudiwa kutengenezwa mara kadhaa tangu hapo. Mganga mwema hachukii kuulizwa.

Nne, aliyeandikiwa insulini asiiache kwa kusikia kwamba mwili hutengeneza walinzi dhidi yake. Dawa ya siku hizi kwa sehemu kubwa haitoki kwa mnyama: tangu mwaka 1982 imeuzwa insulini iliyo sawa na ya mtu, itengenezwayo na vijidudu vidogo vilivyofundishwa kazi hiyo. Kuiacha ghafula kwaweza kumwua mtu katika siku chache.

Mwisho, neno kwa waalimu. Watoto wataifahamu mizani hii kwa maharage. Tia katika mfuko maharage mekundu 20. Mtoto mmoja na atie kwa siri maharage meupe, hesabu aijue yeye peke yake. Tikisa vema. Kisha mwingine atoe 20 bila kutazama, darasa lihesabu mekundu. Yakitoka 10, meupe ya siri ni kama 20. Yakitoka 5, ni kama 60. Yakitoka 4, ni kama 80. Rudieni mara nyingi, mkirudisha yote mfukoni kila mara, mpate wastani, maana mara moja hudanganya. Yule wa siri atakaposema hesabu yake, watoto watastaajabu kuona jinsi walivyoikaribia. Hapo waambieni kwamba watu wawili katika chumba kidogo walipima hivyo kitu ambacho hakuna jicho lililoweza kukiona, nao wakaruhusu kila mtu kujifunza.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena habari za maji ya kunywa na namna ya kuyahifadhi nyumbani. Kwaherini.